Mwano wa Mama Davis

18 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana. Nimeanza daftari hili kwa sababu Bartholomeo amekufa na mimi nimezoea kugombana na mtu jioni. Karatasi angalau haisinzii nikiongea.

Mashine imesaga kutwa. Kila mtu anataka unga kabla jembe halijamtoa jasho. Mkanda umeanza kuchanika. Itabidi niende Runzewe kwa Sanket muuza vipuri, naye ataniambia kama kawaida yake kwamba mkanda ni mzima, mbovu ni fundi. Fundi ni mimi.

20 Novemba

Kupanda. Mgongo.

23 Novemba

Usiku wa kuamkia leo ulipigwa mwano. Mimi ni mtu wa Tarime, huku nimeolewa tu, na mwaka wa kwanza nilidhani ni fisi. Mtu mmoja anapiga ukelele, jirani anaupokea, wa mbali anaupokea, mpaka kijiji kizima kiko nje na fimbo na tochi. Kila nyumba itoe mtu. Nyumba isiyotoa itajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji.

Wezi wa ng'ombe walikimbia mikono mitupu. Kulipokucha Luka, kamanda wetu, alipita kuuliza nani alitoka na nani hakutoka. Nyumba moja tu haikutoa mtu: kwa Vumilia, Mama Davis, jirani yangu tunayepakana ua. Mumewe Maige yuko Nyarugusu anashinda ndani ya duara, shimo la wachimbaji, akitafuta dhahabu, kwa hiyo mtu wa kutoka alikuwa yeye.

26 Novemba

Baraza limekaa baada ya ibada. Vumilia alisimama na mtoto mgongoni, akaeleza kwamba usiku ule Davis alikuwa na homa ya degedege, sasa angemwacha na nani? Luka akasema angembeba akatoka naye hata mpaka barabarani, aonekane. Sheria ni nyumba kutoa mtu. Faini yake ni mtamba mmoja.

Mtamba anaye, tena mzuri. Mtu mwenye akili angemtoa yakaisha. Yeye akasema hivi, nami nilikuwa karibu nikasikia kila neno:

"Nikimtoa huyu mtamba nitakuwa nimekubali kwamba kukaa na mwanangu mgonjwa ni kosa. Si kosa. Ni haki yangu, na sikupewa na baraza hili."

Wazee wakacheka. Luka hakucheka. Akamuuliza, basi nani alikupa? Ni serikali? Ni Mungu? Vumilia alifikiri sana, akasema amezaliwa nayo. Hapo hata mimi nilicheka.

Kiburi. Ni kile kidato cha nne chake kinachomsumbua. Alifundishwa Katiba kwenye somo la uraia akadhani imeandikiwa yeye.

Ametengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto. Asichote maji wenzake wakiwa kisimani. Asisagiwe, asilimiwe, na akifiwa asizikiwe. Atakayemsaidia atamfuata hukohuko.

27 Novemba

Naandika upande wa Luka, maana sitaki daftari hili liwe la umbea mtupu. Maksai wangu walipoibwa, Luka aliwafuata porini hadi akawarudisha. Bartholomeo alipofariki, Luka ndiye aliyeingia kaburini kwanza na sururu. Polisi nilikwenda kuwaambia habari ya maksai, wakaniuliza kama nina mafuta ya gari. Mimi mjane, Mkurya peke yangu hapa. Bila watu wale ningekuwa nani?

Mtamba mmoja tu, jamani.

2 Desemba

Leo amekuja na debe lake la mahindi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Alipoingia kila mtu akageukia ukuta, pakawa kimya, ni mashine tu inaunguruma.

Kwetu Tarime mtu akikuudhi unamwambia machoni. Mimi leo nilishindwa. Nilizima mashine nikasema imeharibika.

Vumilia akaangalia vumbi la unga lililokuwa bado linaelea hewani. Akasema, "Pole kwa mashine, Mama Herman." Akajitwika debe akaondoka. Nami kwa kuwa nimeshasema imeharibika, ilibidi niwarudishe wote na mahindi yao, wakaondoka wakinung'unika. Kutwa nzima nimekaa kando ya mashine nzima. Ujinga wangu huu hata Bartholomeo angeushangaa.

Jioni nikasikia anatwanga.

3 Desemba

Anatwanga.

10 Desemba, Jumapili

Padre hakuja, mto umejaa. Valerian katekista ndiye aliyeongoza. Tulipofika pa kutakiana amani, watu wakashikana mikono mbele, nyuma, pembeni. Vumilia alikuwa benchi la mwisho kanyoosha mkono. Hakuna aliyeushika. Aliunyoosha mpaka wimbo ukaanza, kisha akamshika Davis mkono, akamwambia, "Amani kwako, baba." Mtoto akajibu vizuri tu, kwa sauti, kama alivyofundishwa.

Nilikuwa benchi la mbele yake. Ningegeuka tu.

14 Desemba

Nimemwendea Valerian. Nilimuuliza ile haki anayoisema Vumilia inatoka wapi. Akasema bila kusita: inatoka kwa Mungu, alimpulizia mtu pamoja na pumzi, hakuna binadamu anayeweza kuiondoa. Nikamwambia basi ayaseme hayo Jumapili, kwa sauti ileile. Akaanza kupangusa miwani. Bati la kanisa limeezekwa kwa nguvu za sungusungu, akasema, na Mungu anaiona mioyo. Nikamwambia Mungu anaiona na ile mikono pia. Tumeagana vibaya.

Nikirudi nilijiuliza ulimi huu niliupata wapi, ilhali mashine yangu bado "imeharibika" kila Vumilia akitokea njiani.

20 Desemba

Madam Noela, mtendaji wa kijiji, amekuja kusaga. Msichana msomi, ana buti za mvua za rangi ya waridi, ameletwa na serikali mwaka jana. Nilimvuta pembeni. Naye akanijibu bila kusita: haki zote zimo kwenye Katiba, Katiba ni ya serikali, na kumtenga mtu ni kinyume cha sheria. Nikafurahi. Nikamwambia basi mwambie Luka.

Akaangalia nje kwanza. Michango ya madarasa anakusanyiwa na sungusungu, akasema. Akigombana nao, darasa halitapanda na yeye atahamishwa. Vumilia mwenyewe alete malalamiko, yapitie kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yake Luka.

"Haki anayo, mama," akaniambia akifunga unga wake. "Tatizo ni kuipata."

25 Desemba

Krismasi. Nimepika pilau. Upande wa pili wa ua wanatwanga.

4 Januari

Mtandao hapa unashika karibu na ua wangu tu, kwa hiyo nasikia simu za watu nipende nisipende. Maige amepiga kutoka Nyarugusu, anapayuka mpaka namsikia. Mvua imejaza maduara maji, hawachimbi, hana nauli. Alimwambia mkewe amtoe mtamba yaishe. Vumilia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, na siku Davis akiugua tena na mwano ukapigwa, nitoe nini? Maige alijibu kwa sauti ya chini, sikumsikia, ila simu haikukaa sana.

Shamba lake majani yamekuwa marefu kuliko mahindi. Anapalilia peke yake, mtoto kamlaza chini ya mwavuli uliovunjika.

11 Januari

Luka amekuja kusaga mwenyewe, mkewe mgonjwa. Tumeongea. Sikutaka kugombana naye, nilitaka tu aniambie hasira itaisha lini. Akanikalisha kwenye gunia kama mdogo wake.

"Mama Herman, hakuna hasira. Mimi sina kisa na binti yule. Zamani huku walikuja na bunduki mchana, wanachukua zizi zima, na kila mtu alikuwa na haki zake zote. Tulizika watu na haki zao. Siku tulipokubaliana kwamba akilia mmoja tunatoka wote, ndipo mtu akaanza kulala. Serikali iko Runzewe. Mungu yuko mbinguni. Mwano ukipigwa anatoka nani? Haki ya mtu ni wenzake. Asiyetoka kwa wenzake kaitupa mwenyewe."

Mengi aliyosema ni kweli. Ninachojua ni kwamba alipokuwa anaongea, kule ng'ambo ya ua mchi ulikuwa unapiga, na yeye aliongeza sauti ili auzidi.

12 Januari

Usiku nimeacha kibuyu cha maziwa kwenye ua. Asubuhi kipo palepale, maziwa yameganda. Hataki vya kujificha. Au hakukiona.

19 Januari

Mvua. Mvua. Nguo hazikauki.

30 Januari

Davis anakohoa. Nasikia.

2 Februari

Nitaandika yote. Nikiacha moja nitakuwa nimedanganya hata karatasi.

Asubuhi Vumilia alitoka na Davis mgongoni, kamfunika kanga mbili. Mtoto kichwa kinaning'inia. Alisimamisha bodaboda barabarani. Kijana alimwangalia, akaangalia kushoto na kulia, akawasha pikipiki akaenda zake. Wa pili hata hakusimama. Akaanza kutembea kuelekea kituo cha afya, kwenye mvua ile. Nilimwona kupitia mlango wa mashine. Nilikuwa nimeshika debe la mtu.

Kufika kituoni lazima uvuke mto. Mvua ikiwa kubwa huvuki peke yako. Unapiga mwano, wanaume wanakuja na kamba wanakuvusha. Ndivyo tulivyozoea miaka yote. Hata Herman wangu alivushwa hivyo akiwa na pepopunda, akapona, sasa yuko Mwanza ananisahau.

Mchana kati tukausikia. Mwano, kutoka mtoni, sauti ya mwanamke. Ukasikika mara ya kwanza, tukanyamaza. Ukasikika tena. Hakuna aliyeupokea. Mwano usiopokelewa unafia palepale unapopigwa, sikuwahi kujua hilo. Nyuso zote kwenye foleni zilikuwa chini. Mama mmoja, simtaji, akasema taratibu, "Huyo hatokewi."

Nikaongeza moto wa mashine ikanguruma.

Ndicho nilichofanya. Sikutumwa na Luka wala baraza. Ni mkono wangu huu. Nilisaga mpaka foleni ikaisha, na nilipozima, mtoni kulikuwa kimya.

Hapo ndipo nilipokwenda. Nilikimbia, mtu mzima mimi, nikaanguka kwenye tope, nikaamka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mtoto mapajani, anamkinga na mvua kwa mwili wake, ingawa mvua haikuwa na la kumfanya tena. Nikasema, "Mama Davis, nimekuja."

Akamfunika mtoto uso kwa kanga.

"Mashine yako imepona?" akaniuliza.

Nimembeba Davis kurudi nyumbani. Alikuwa mwepesi. Njia nzima watu wamesimama milangoni kwao, na hakuna aliyetoa pole.

3 Februari

Tumezika.

Huku mwanamke hachimbi kaburi. Leo wamechimba wanawake wawili, mmoja wao mama wa marehemu. Nilichukua sururu ya Bartholomeo. Ardhi ni laini msimu huu, tope likawa linarudi shimoni kila tukilitoa. Nilimwambia Vumilia apumzike, nitamaliza. Akasema, "Nikipumzika nitaanza kulia, na nikilia nani atakuja?" Tukaendelea.

Jeneza hatukuwa nalo. Nilimpa shuka la harusi yangu.

Valerian alikuja mpaka barabarani. Akasimama huko, akafanya ishara ya msalaba kwa mbali, midomo inacheza. Hakuvuka mfereji. Madam Noela alinipigia simu kutoa pole, akasema ataliweka suala hili kwenye taarifa. Luka alikuwa amesimama kwake, kofia mkononi, mvua inamnyeshea kichwa. Nilimwona vizuri. Yeye aliyeingia kwanza kwenye kaburi la mume wangu.

Tulipofukia sikujua niombe nini. Nikasema tu, Davis, mimi ni jirani yako, nilikusikia. Nisamehe.

4 Februari

Mimi nami nimetengwa. Wamekuja watu wawili kuniambia, hawakunisalimu.

5 Februari

Nimewasha mashine asubuhi kama kawaida. Hakuna aliyekuja. Nimemsagia Vumilia debe lake. Mchi leo umenyamaza.

9 Februari

Maige amefika. Alikaa kaburini tangu asubuhi hadi jioni. Hakumgombeza mkewe, na nadhani ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Kesho anarudi Nyarugusu. Kabla ya kulala alinishukuru kwa kumzika mwanawe, na mimi nikashindwa kumwambia habari ya mashine. Vumilia alikuwepo. Alikusanya vyombo akaenda kuviosha.

15 Februari

Wanawake wanapita na madebe kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili, kwenye tope lile. Hawaniangalii. Yule mama nisiyemtaja ana mimba kubwa. Jana alitua debe mbele ya mlango wangu akapumzika, akashika kiuno, akajitwika tena akaenda.

Nilidhani nitachekelea. Wapi.

20 Februari

Tunakula pamoja sasa, kwangu. Leo nilimuuliza Vumilia kama angejua yatakuwa haya, angemtoa mtamba. Akasema ndiyo, angewatoa hata kumi. Akala tonge mbili. Kisha akasema, "Lakini bado lisingekuwa kosa."

27 Februari

Alasiri radi imepiga kwa Luka. Kishindo kiliangusha sufuria zangu. Tukaona moshi: nyumba ya nyasi anamolala mama yake, bibi asiyeweza kutembea. Kisha tukasikia mwano. Sauti ya Luka mwenyewe.

Nilikaa. Nasema kweli, nilikaa, tena nikaona raha. Nikajisemea moyoni, naye alie, aone.

Vumilia alikuwa ameshashika ndoo.

Nikamwambia wewe umetengwa, hata ukienda huhesabiwi, unakwenda wapi? Akanishangaa, kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. "Kuna mtu analia," akasema. Akatoka.

Basi nami nikachukua ndoo. Kwao si mbali, sisi tulikuwa wa kwanza kufika. Tulichota kwenye dimbwi la mvua, tukapokezana, watu wakazidi kuja, mstari ukawa mrefu. Hakuna aliyeuliza ndoo imepita mkononi mwa nani. Luka alikuwa mwisho wa mstari, mlangoni, na kabla yake alikuwa Vumilia. Kila ndoo aliyoimwaga kwenye ule moto alipewa na Vumilia. Nilimwona Luka alipogundua ni nani anayempa. Mkono ulisita. Kisha akapokea.

Bibi ametolewa miguu imeungua, yuko hai. Wamempakia kwenye bodaboda, kijana yuleyule. Tukarudi zetu. Njiani hakuna aliyetusalimia.

3 Machi, Jumapili

Luka amekuja baada ya ibada na wazee wawili. Amebisha hodi, jambo ambalo hajalifanya tangu nitengwe. Vumilia alikuwa uani kwangu anachambua mahindi kwenye ungo, hakuinuka. Nikawapa viti. Hawakukaa.

Luka alisema baraza limekaa. Limeona kwamba tulitokea mwano ilhali hatukuwa tunadaiwa kuutokea. Kwa hiyo mtamba amesamehewa, na adhabu imeondolewa kwangu na kwake. Sauti ilikuwa ya kazi, lakini kofia alikuwa anaizungusha mikononi.

"Baraza limewarudishia haki zenu," akasema. Akazitaja moja moja, kama inavyotakiwa: kusalimiwa, moto, maji, kusagiwa, kulimiwa, na kuzikiwa.

Vumilia akapeta ungo, akapuliza makapi. Alitafuta jiwe dogo kwenye mahindi akalitupa.

"Hiyo ya mwisho, baba, mmechelewa," akasema. "Zile nyingine kaa nazo. Sikuja kwako kuzifuata."

Mzee mmoja alifungua mdomo, Luka akamzuia kwa mkono. Alisimama akaangalia kule kwenye kaburi, ambalo mvua imelididimiza katikati. Kisha akavaa kofia, akakumbuka, akaivua tena. "Shikamoo," akasema. Luka ni mtu mzima kumzidi Vumilia kwa mbali; sijawahi kumsikia akimwamkia mwanamke wa rika lile.

Vumilia hakuitikia. Alimimina mahindi kwenye debe, akajitwika, akaenda kusimama mlangoni kwa mashine, na mimi nikaenda kuiwasha.